Betri ya Nani Itakufa Kwanza?

Siku ya kumwaga zege vijana hujipanga mstari, karai likapita mkono kwa mkono hadi juu. Hakuna anayepanda nalo peke yake kutoka chini, maana atachoka kabla ya saa nne. Mitandao ya vihisi visivyotumia waya hufuata mpango uo huo, na mpango huo ukiwekwa vibaya, mtandao hufa mapema.

Kihisi ni kifaa kidogo chenye betri na redio, kinachopima mambo kama joto, unyevu au kina cha maji na kutuma vipimo hivyo. Mwaka wa 2002, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na wenzao waliweka vihisi 32 kwenye kisiwa cha Great Duck, jimbo la Maine nchini Marekani, kufuatilia ndege wa baharini wanaotaga ndani ya mashimo ardhini. Ndege hao wakisumbuliwa na watu huweza kuviacha viota vyao. Kwa hivyo kwenda kubadilisha betri kila mara ni kuharibu kile kile ulichokuja kukichunguza.

Sasa, moto wa betri unakwenda wapi? Mwingi huliwa na redio, si na kupima. Tena umbali una gharama yake: mahali pa wazi, ukizidisha umbali mara mbili, nguvu inayohitajika kutuma huzidi mara nne. Kutuma mita 100 kwa mkupuo mmoja ni kama kulipa 10,000. Ukiweka mwenzako katikati, kila mmoja akatuma mita 50, mnalipa 2,500 mara mbili, yaani 5,000. Mmeokoa nusu.

Lakini usikimbilie kuweka wapokezi wengi. Kupokea nako kunakula betri, na hata redio iliyo macho ikisikiliza tu bila kuletewa chochote inakula. Ndiposa vihisi vizuri hulala muda mwingi na kuamka kwa zamu.

Tatizo kubwa liko kwingine. Kwenye zege, karai ni lile lile toka mwanzo wa mstari hadi mwisho. Kwenye mtandao, kila kihisi huongeza mzigo wake juu ya ule aliopokea. Walio karibu na kituo kikuu hubeba mizigo ya wote walio nyuma, na hao ndio hufa kwanza. Wakifa, walio mbali wanabaki na betri zimejaa lakini hawana wa kumpa ujumbe. Njia fupi ikitumiwa kila siku huwamaliza wale wanaoibeba.

Mwaka wa 2000, Wendi Heinzelman, Anantha Chandrakasan na Hari Balakrishnan wa chuo cha MIT walitoa itifaki iitwayo LEACH. Vihisi hujigawa makundi, kila kundi na kiongozi wake. Kiongozi hukusanya vipimo vya wenzake, huvifupisha viwe ujumbe mmoja, kisha huutuma kituoni. Kazi hiyo inachosha, kwa hivyo uongozi ni wa zamu: aliyeshika hairudii mpaka wenzake nao washike.

LEACH ina kasoro zake. Ilichukulia kwamba kila kihisi kinaweza kukifikia kituo moja kwa moja, na katika umbo lake la kwanza haikuangalia nani amebakiwa na moto kiasi gani kabla ya kumpa uongozi. Itifaki zilizofuata zilirekebisha hayo. RPL, iliyotolewa mwaka wa 2012, inaruhusu njia kuchaguliwa kwa kuangalia ubora wa mawasiliano na hata hali ya betri.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa hivyo, siku mtu akija kijijini kwenu na vihisi vya kuchunga mikoko au kisima, msimuulize bei peke yake. Muulizeni: betri ya kifaa kipi itakufa kwanza, na ikifa, vilivyo nyuma yake vitapitia wapi? Akikosa jibu, basi baada ya miezi michache mtabaki na vibuyu vya plastiki vilivyofungwa mitini.