Hadithi Mikononi mwa Mwenye Kamera

Msomaji wa riwaya ni mtu aliyekwisha kufanya kazi kubwa kabla mwenye kamera hajafika. Kwa muda mrefu wa taa na upweke amempa kila mhusika uso na sauti, amejenga nyumba na mitaa, na ameamua ni nani wa kuhurumiwa na nani wa kuchukiwa. Basi siku anapoketi katika kibanda umiza pale Masasi au Newala, akaona mhusika aliyempenda amevikwa tabia asiyokuwa nayo, na mwisho wa hadithi umegeuzwa ili uwaridhishe watu ambao hawakukifungua kitabu, ghadhabu inayomshika si ya kitoto wala si ya kiburi, bali ni ya mtu aliyenyang'anywa kitu alichokitolea jasho. Naitetea ghadhabu hiyo kwa moyo wangu wote, maana nami ni mmoja wa wanaoihisi. Walakini yafaa tuipime, tujue wapi inastahili na wapi inakosa insafu.

Mwandishi wa riwaya aweza kulisimamisha tukio katikati, akaingia moyoni mwa mhusika, akatueleza kwa kurasa nyingi sababu ya kimya chake, nasi tukatosheka. Kamera haina mlango wa kuingilia humo: huona jicho, mkono na nyayo, husikia maneno yaliyotamkwa tu, na fikira yoyote isiyogeuzwa kuwa kitendo au kauli hubaki kitabuni. Tena waandishi wa filamu hukadiria kwamba ukurasa mmoja wa mswada ni kama dakika moja ya picha, hata filamu ya saa moja na nusu ikawa ni kurasa 90 hivi, zenye maneno machache kila moja. Riwaya nzima haiwezi kuingia humo bila ya kukatwa. Kukata, basi, si khiyana. Khiyana ni kuyaacha matukio na kuziondoa sababu zake, mtu akaonekana akilia, akitoroka, akiua, ilhali yaliyomfikisha huko yametupwa.

Mfano ulio karibu nasi ni Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi iliyotolewa mwaka 1999, ambayo Amil Shivji aliifanya filamu, ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, na baadaye Tanzania ikaipeleka kuwania tuzo za Oscar. Ni hadithi ya Unguja katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza: Yasmin, binti mwenye asili ya Kihindi, aozwa kwa mwanamume mzee asiyempenda, amkimbia, apokewa na Mwajuma, na akutana na Denge, kijana wa siasa anayeandamwa na serikali. Kitabuni maisha ya Yasmin ni marefu, na bahari na miji ya pwani imo. Filamu imeyashika zaidi mapenzi yake na Denge na harakati za uhuru. Wasomaji wanaosononeka kwa yaliyopunguzwa nawaelewa, lakini kwa rai yangu amana haikuvunjwa, kwa kuwa sababu ya Yasmin kutoka nyumbani kwa mumewe imebaki mbele ya macho yetu, na watu wake wanasema Kiswahili cha Unguja, chenye mzaha wake na adabu yake, si Kiswahili cha kusomwa ubaoni.

Kwetu sisi wa bonde la Lukuledi, hata hivyo, kisa kinachonifundisha zaidi ni cha jukwaani. Mwaka 1905, Vita vya Maji Maji vilipowaka Umatumbi na kuenea kusini, misheni ya Wabenediktini ya Lukuledi iliteketezwa, na ile ya Nyangao kadhalika. Na Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyeyatoa maji ya dawa yaliyoaminiwa kuwakinga watu na risasi, alikuwa amekwisha kunyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti, hata neno lake likatufikia likiwa halina mwenyewe wa kulisimamia. Ebrahim Hussein, katika tamthilia ya Kinjeketile iliyochapishwa mwaka 1969, alimfanya mtu huyo kuwa mwenye kushindana na nafsi yake, mwenye shaka juu ya maji aliyowapa watu. Wazee waliorithi habari za vita kutoka kwa baba zao wangeweza kuulalamikia mchezo huo, maana kwao Maji Maji si mashaka ya mtu mmoja: ni mashamba yaliyochomwa, ni njaa iliyofuata, ni watu waliogawanyika, hawa wakiyapokea maji na hawa wakiyakataa. Lakini Hussein alitangaza wazi katika utangulizi kwamba Kinjeketile wake si yule wa tarikhi bali ni kiumbe cha fikira. Huo ndio uungwana ninaoutamani kwa kila mwenye kugeuza kazi au habari ya wengine, na ndio unaokosekana katika filamu nyingi zinazochukua jina la kitabu kama bango la kuvutia wateja.

Wala ugeuzaji huo si mgeni Masasi. Askofu Edward Steere, aliyewaleta huko watu waliokombolewa utumwani mwaka 1876, ndiye aliyezichapa ngano za Unguja mwaka 1870, na ndiye aliyezitia katika Kiswahili baadhi ya hadithi ambazo Charles na Mary Lamb walizitoa katika michezo ya Shakespeare mwaka 1807. Hivyo msomaji wa Kiswahili alimpokea Shakespeare aliyekwisha kugeuzwa mara mbili, na Shakespeare wa jukwaani alikuja baadaye sana, Mwalimu Nyerere alipoitafsiri Julius Caesar mwaka 1963.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yamtaka mtengeneza filamu apate idhini ya mwandishi, na ulinzi huo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Msomaji hakutajwa. Aliyeudhika hana mahakama ya kuiendea, ila ana kalamu.

Kwa hiyo nimeanza kuandika mswada wangu juu ya Lukuledi ya mwaka 1905. Mchezo wa Hussein siugusi, kwani ni mali yake. Nachukua tukio lenyewe, na jicho langu nimelitia kwa mwanamke anayelima karibu na misheni, wala si kwa padri. Watu wangu watasema Kimwera, Kimakua na Kiyao, na Kiswahili watakapokutana na wageni. Moto utaonekana kwa mbali tu, na waliokwisha kukimbia, kwa kuwa fedha za kuijenga misheni na kuichoma sitazipata, na pia kwa kuwa wanakijiji wengi waliuona hivyo. Kinachonishinda kwa sasa ni onyesho la hongo, mjumbe wa maji, anapoingia kijijini na kuanza kunena. Maneno yake halisi siyapati, nami lazima nimtungie. Basi ukurasa wa kwanza wa mswada utasema kwamba maneno ya hongo ni yangu, kabla wazee wa Lukuledi hawajasomewa na kuniambia yapi niyafute.