Mnyonge Huchagua Kwanza

Kila mwaka ifikapo mwishoni mwa Aprili, Wamarekani wapenda michezo hukaa siku tatu mbele ya televisheni wakitazama kitu ambacho kwa macho ya mgeni si mchezo hata kidogo. Hakuna mpira, hakuna refa, hakuna bao. Bwana aliyevaa suti anapanda jukwaani, anasoma jina la kijana kutoka kwenye karatasi, na umati unalipuka, wengine kwa shangwe na wengine kwa zomeazomea. Mwaka 2024 shughuli hiyo ilifanyika mjini Detroit, na waandaaji walihesabu watu zaidi ya 775,000 kwa siku hizo tatu. Watu wote hao walikwenda kusikiliza orodha ya majina.

Shughuli yenyewe inaitwa drafti. Siyo ile drafti yetu ya vizibo vya soda pale barazani, ingawa ukiitazama kwa muda utaona zinafanana: mtu anatoa kete moja ili ale tatu, na mara nyingi ndiye anayeliwa.

Tunazungumzia mpira wa Kimarekani, ule wa mpira wenye umbo la yai, ambao wachezaji wake huvaa kofia ngumu na kugongana kama mafahali. Ligi yao kubwa, NFL, ina timu 32. Sisi tuliozoea kandanda tunajua usajili ni vita ya fedha: mwenye mfuko mnene humchukua mchezaji anayemtaka, na mwenye mfuko mwembamba hubaki kulalamika magazetini. Kule, vijana wanaotoka vyuo vikuu hawagombaniwi hivyo. Timu zinapangwa foleni. Iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita inachagua kwanza, bingwa anachagua mwisho, kisha foleni inaanza upya mpaka raundi saba ziishe. Kwa jumla vijana zaidi ya 250 hupata ajira kwa njia hiyo.

Aliyelianzisha jambo hili alikuwa na sababu zake. Bert Bell alikuwa mwenye timu ya Philadelphia Eagles, ambayo mwaka 1935 ilishinda michezo miwili tu kati ya 11. Kila kijana hodari aliyemfuata alikuta ameshachukuliwa na timu tajiri. Basi Bell akawashawishi wenzake kwamba mnyonge apewe nafasi ya kwanza, la sivyo ligi nzima itakufa kwa kukosa ushindani. Drafti ya kwanza ikafanyika Februari 1936, tena katika mji wake Bell. Kijana wa kwanza kabisa kuchaguliwa, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, hakucheza hata siku moja katika ligi hiyo. Aliona kazi nyingine zina masilahi zaidi, akaenda zake. Huo ndio ulikuwa mwanzo.

Sasa tuje kwa shabiki, kwa maana ndiye hasa ninayetaka kumzungumzia. Shabiki wa Marekani hana mechi ya kutazama tangu Februari mpaka Septemba. Miezi hiyo yote chakula chake ni maoni: nani atemwe, nani aongezewe mkataba, nani achaguliwe Aprili. Redio za huko zina vipindi vya kupiga simu asubuhi mpaka usiku, na kila mpigaji ni kocha.

Mwaka 1999 Eagles wale wale walikuwa na zamu ya pili. Mashabiki wa Philadelphia walikuwa wameshaamua: wanamtaka Ricky Williams, mkimbiaji mwenye nguvu kutoka Chuo Kikuu cha Texas. Kundi lao, likiongozwa na watangazaji wa redio moja ya mjini humo (nakiri kwamba sisi watu wa redio hatukosekani penye fujo), lilisafiri mpaka New York kwenda kushuhudia. Jina likasomwa: Donovan McNabb. Kijana wa watu akapanda jukwaani siku aliyoiota maisha yake yote, akapokewa kwa zomeazomea iliyosikika nchi nzima. McNabb huyo aliifikisha timu yao fainali ya Super Bowl, Februari 2005, na mwaka 2013 klabu iliistaafisha jezi yake namba 5, ili asiivae mwingine tena.

Na Williams je? Alichukuliwa na New Orleans Saints katika zamu ya tano. Ili kuipata zamu hiyo, kocha wao Mike Ditka aliwapa Washington zamu zote zilizobaki za Saints mwaka huo, akaongeza zamu ya raundi ya kwanza na ya tatu za mwaka 2000. Drafti nzima kwa mtu mmoja! Msimu uliofuata Saints walishinda michezo mitatu na kupoteza 13, na Ditka akafukuzwa kazi. Washington waliitumia mali ile kujipatia, pamoja na mambo mengine, Champ Bailey, ambaye leo jina lake limo katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo.

Hapa pana jambo la kutazama vizuri. Williams hakuwa mchezaji mbovu. Mwaka 2002, akiwa na timu ya Miami, aliongoza ligi nzima kwa kukimbia na mpira, yadi 1,853. Mashabiki wa Philadelphia hawakukosea kumwona kuwa ni hodari. Walichokisahau, na alichokisahau Ditka, ni kuuliza bei.

Zamu katika drafti ni mali. Inauzwa, inanunuliwa, inawekwa akiba, hata ya mwaka kesho na keshokutwa. Aliyewafundisha wenzake somo hili ni Jimmy Johnson, kocha wa Dallas Cowboys. Mwaka 1989 timu yake ilikuwa taabani, ikamaliza msimu kwa kushinda mchezo mmoja na kupoteza 15. Ilikuwa na nyota mmoja tu wa kutajika, mkimbiaji Herschel Walker. Oktoba mwaka huo Johnson akamuuza kwa Minnesota Vikings. Vikings walitoa wachezaji watano, na kila mchezaji alifungiwa zamu kwenye jina lake: Dallas wakimbakisha, zamu inarudi Minnesota, wakimtema, zamu ni yao. Minnesota waliamini wameuza wachezaji. Johnson hakuwa na haja nao sana, alikuwa akihesabu zamu. Mambo yalipotulia alikuwa amevuna zamu tatu za raundi ya kwanza na tatu za raundi ya pili. Katika mali hiyo ndimo alimopatikana Emmitt Smith, na Dallas wakatwaa ubingwa wa misimu ya 1992, 1993 na 1995. Minnesota hawakuifikia hata fainali moja wakiwa na Walker, ambaye waliachana naye mwaka 1992.

Dallas wakaenda mbele zaidi, wakatengeneza jedwali la bei. Zamu ya kwanza pointi 3,000, ya pili 2,600, ya tatu 2,200, ya 12 pointi 1,200, na kuendelea hivyo kushuka. Kwa miaka mingi ligi nzima ililitumia jedwali hilo, kama wauza nyanya wanaokubaliana bei ya tenga.

Lakini bei iliyokubaliwa na wote yaweza kuwa bei ya makosa. Wachumi wawili, Cade Massey na Richard Thaler (huyu wa pili alipata Nishani ya Nobel ya uchumi mwaka 2017), walikaa wakapekua drafti za miaka mingi. Walikuta kwamba mchezaji aliyechaguliwa mbele huwa bora kuliko yule anayemfuata katika nafasi hiyo hiyo ya kucheza kwa takriban asilimia 52 tu ya nyakati. Hiyo ni zaidi kidogo ya kurusha sarafu. Timu zinawapima vijana mbio, kimo, uzito, upana wa viganja, zinawahoji kama polisi, kisha zinabahatisha.

Sisi Watanzania tunayo kumbukumbu yetu katika hili, ingawa ni ya mpira wa kikapu, ambao nao una drafti yake. Juni 2009 kijana wetu Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili Marekani nzima, na Memphis Grizzlies. Tulifurahi, na tulistahili kufurahi. Aliyemfuata katika zamu ya tatu alikuwa James Harden, na wa saba alikuwa Stephen Curry. Thabeet alipewa namba ya juu na watu wazima wenye utaalamu na mishahara minono. Halikuwa kosa lake kwamba walibahatisha.

Kama drafti ni kubahatisha, basi mwenye sarafu nyingi za kurusha ndiye mwenye nafuu. Na sababu nyingine iko katika mishahara. Tangu 1994 ligi hiyo ina kikomo cha mishahara: mwaka 2025 kila timu iliruhusiwa kutumia dola milioni 279.2, tajiri na maskini sawasawa. Hivyo ukimlipa mmoja sana, wengine lazima wapungukiwe. Ndiyo maana Machi ni mwezi wa majonzi. Mikataba mingi kule haina dhamana kamili, na mchezaji mwenye umri wa miaka 30 anaweza kupigiwa simu asubuhi akaambiwa asante, jioni jina lake likawa kwenye orodha ya wachezaji huru.

Vijana wa drafti wao wana bei yao. Mwaka 2010 aliyechaguliwa wa kwanza, Sam Bradford, alipata mkataba wa miaka sita uliofikia dola milioni 78. Mwaka 2011 wenye timu na chama cha wachezaji wakakubaliana viwango vipya, na aliyechaguliwa wa kwanza mwaka huo huo, Cam Newton, akapata dola milioni 22 kwa miaka minne. Tofauti ya mwaka mmoja! Tangu hapo kijana hodari wa drafti ni kibarua wa bei poa kuliko wote, na timu inayempata inabakiwa na fedha za kununulia wengine.

Mfano wa karibuni unaonyesha yote mawili, ubahatishaji na bei. Machi 2021 San Francisco 49ers walitaka kwotabeki, yaani yule mchezaji anayeanzisha kila shambulizi na kurusha mpira. Walikuwa na zamu ya 12. Wakaitoa kwa Miami, pamoja na zamu za raundi ya kwanza za 2022 na 2023 na nyingine ya raundi ya tatu, ili wasogee mpaka zamu ya tatu. Wakamchukua Trey Lance. Kijana alianza michezo minne tu katika miaka miwili, akavunjika kifundo cha mguu, na Agosti 2023 akapelekwa Dallas kwa zamu moja ya raundi ya nne. Zamu ile ya 12 ilipita mikono kadhaa mpaka ikafika Dallas, nao wakamchukua Micah Parsons, mmoja wa walinzi wakali kuliko wote wa kizazi chake.

Biashara kama hiyo ingewazika. Kilichowaokoa ni kwamba katika drafti ya 2022, zamu ya 262, ya mwisho kabisa, walimchukua Brock Purdy. Anayechaguliwa mwisho ana jina lake la kejeli kule, la mtu asiye na umuhimu. Februari 2024 Purdy aliwafikisha fainali, wakafungwa na Kansas City 25 kwa 22 katika muda wa nyongeza. Mshahara wake katika msimu ule ulikuwa dola 870,000. Mwaka 2025 alitia saini mkataba wa nyongeza wa miaka mitano, dola milioni 265.

Hebu ziweke hizo tarakimu mbili pamoja. Mtu ni yule yule. Tofauti ni kwamba mwanzoni hakuwa na ruhusa ya kujadili. Hilo ndilo ambalo mimi, pamoja na kuusifu mpango wa Bell, siwezi kulipita kimya. Kijana wa miaka 21 au 22 haulizwi anataka kuishi wapi wala kumfanyia nani kazi. Wachache sana walithubutu kukataa: John Elway aliwakataa Baltimore mwaka 1983, Eli Manning akawakataa San Diego mwaka 2004, na wote wawili walikuwa na vipaji vya kuwawezesha kutunisha kifua. Aliyechaguliwa raundi ya tano hatunishi chochote. Na katika mchezo wa kugongana vile, wengi huumia na kutemwa kabla ya kuufikia mkataba wa pili, ule ambao wangeujadili kwa hiari yao. Shabiki anapopiga simu redioni akidai timu ilimbikize zamu, anadai, pengine bila kujua, vibarua wengi wa bei ya kupangiwa. Kwa hesabu za ubingwa anasema kweli.

Agosti 2025 yule Micah Parsons aligombana na Dallas juu ya mkataba, naye akauzwa kwa Green Bay, ambako alipewa dola milioni 188 kwa miaka minne. Dallas walipokea mchezaji mmoja mzoefu, Kenny Clark, na zamu mbili za raundi ya kwanza, za 2026 na 2027. Mashabiki wengi wa Dallas walikasirika, simu zikamiminika redioni. Mwenye timu ni yule yule aliyekuwapo 1989 Walker alipouzwa, Jerry Jones.