Usukani Mzito wa Gari la Baba

Bwana Mhariri aliniuliza kwa nini mimi, niliyesoma miaka sita katika shule hii, naendesha gari linalomtoa mtu jasho hata asubuhi ya baridi ya Kabale. Aliuliza kwa mzaha, nami nilicheka. Lakini swali lake ni zuri, na kwa kuwa wengi wenu siku moja mtashika usukani wa namna hii, wa gari la baba au la kazi, nimeona afadhali nijibu kwa kalamu. Tena nina jambo la kuungama.

Gari lenyewe ni pikapu ya Land Rover, ile ndefu ya inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hata ya nyuma, katika aina ya tatu iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Baba alilinunua mwaka 1989 likiwa limekwisha kutumika, akachukulia viazi. Mimi nalitumia kwa kazi iyo hiyo, kutoa viazi katika vilima vya Kigezi na kuvipeleka sokoni Kabale, na mara nyingine Kisoro. Usukani wake hauna pampu ya kuusaidia. Msaada huo si jambo jipya: Mmarekani mmoja, Francis W. Davis, aliutengeneza tangu miaka ya 1920, na mwaka 1951 kampuni ya Chrysler ikaanza kuuza magari yenye usukani wa namna hiyo. Lakini gari la baba linataka mikono.

Fahamuni kwanza jinsi linavyogeuka. Ukizungusha usukani, chuma chake kirefu kinashuka mpaka kwenye kisanduku chenye skrubu nene. Juu ya skrubu hiyo hupanda na kushuka nati, na katikati yao zimo gololi za chuma zinazobiringika ili visisuguane. Nati inasukuma mkono wa chuma, mkono unasukuma fimbo, na fimbo inakwenda mbele hata kwenye mhimili mfupi uliosimama ndani ya boriti ya mbele ya chesisi. Mhimili huo nao unasukuma fimbo ya pili inayokwenda kwenye gurudumu, na fimbo ya tatu, yaani tairodi, inayafunga magurudumu mawili yageuke pamoja. Kila fimbo ina boljointi mbili, basi zote ni sita.

Mnaosoma fizikia mtatambua kwamba huo ni wenzo tu. Usukani ni mpana, na huzungushwa zaidi ya mara tatu kutoka mwisho mmoja hata wa pili, ili nguvu ndogo inayokwenda mbali igeuke kuwa nguvu kubwa inayokwenda karibu. Kwa hiyo kijana anayeutoa usukani wa kale na kutia mwingine mdogo wa kupendeza amejikatia wenzo wake mwenyewe, asije akalalamika.

Watu hudhani kwamba usukani huu unataka misuli. La, unataka gari litembee. Gari likiwa limesimama, mpira wa tairi umekaa juu ya ardhi na uzito wote wa injini uko juu yake. Ukizungusha usukani hapo unausugua mpira ule kwenye changarawe, na kila boljointi inalia. Lakini gurudumu likibiringika hata kwa mwendo wa kobe, uzito huo unapungua sana. Basi achia klachi kidogo, gari lianze kujongea, ndipo uzungushe. Mke wangu ni mwembamba, naye huligeuza gari hili katika ua wa soko bila taabu, hali nimewaona wanaume wenye vifua wakilipigania limesimama mpaka mishipa ya shingo inatoka. Baba alikuwa akitukataza kuzungusha usukani wa gari lililosimama kama alivyotukataza kupiga kelele wakati wa kula.

Upepo wa matairi nao si jambo dogo. Matairi ya mbele ya gari hili hutakiwa kuwa na paundi 25. Yakipungua kidogo tu, mikono inajua kabla ya macho. Matairi mapana ambayo siku hizi watu huyatia kwa ajili ya sura huongeza uzito pia. Na viazi! Magunia yakirundikwa nyuma kabisa, karibu na mlango, usukani unakuwa mwepesi, na dereva mgeni hufurahi. Asifurahi, kwa maana pua ya gari imeinuliwa, na katika mteremko wenye matope magurudumu ya mbele hayana la kushikia.

Kuna na lile la magurudumu manne. Kitufe cha manjano kikibonyezwa, ekseli ya mbele inafungwa pamoja na ya nyuma, ziende sawasawa. Katika matope ni neema. Katika lami, hasa penye kona, magurudumu ya mbele huzunguka duara kubwa kuliko ya nyuma, na kwa kuwa gia hazina nafasi ya kuachana, nguvu hujikaza katika vyuma na usukani huwa kama umetiwa saruji. Ufikapo lami, simama, vuta wenzo mwekundu nyuma kisha uurudishe mbele, uendelee na safari yako.

Halafu vidole gumba. Usivifunge ndani ya duara la usukani; viweke juu ya ukingo, pamoja na vidole vingine. Gurudumu likigonga jiwe, hakuna pampu ya kulimeza pigo lile. Linarudi kwa njia ya zile fimbo tatu, na vyuma vya usukani vinapita kama rungu. Mdogo wangu nilimwambia hayo mara moja tu, nami nikiwa natazama nje ya dirisha. Katika likizo ya mwaka 2021, kwenye njia ya mashamba juu ya ziwa Bunyonyi, tulipiga mzizi wa mti, na kidole gumba chake cha kulia kikavunjika. Muhula uliofuata aliandika kwa kushikilia kalamu kati ya vidole viwili vingine. Hajanilaumu, lakini mwandiko wake mpaka leo unanilaumu.

Sasa nifike kwenye ungamo langu.

Mwaka 2022 usukani ulianza kuwa mzito zaidi, lakini pole pole, kama mtoto anavyokua machoni pa mama yake. Sikuona. Binamu yangu alipoliazima gari kwa siku moja, alilirudisha akisema, "Kaka, usukani huu una ugonjwa." Nikamcheka. Nikamwambia kwamba mikono yake ni ya ofisini. Kusema kweli nilikuwa najivuna kwa ajili ya uzito ule. Nilipenda watu waone kwamba gari hili haliendeshwi na kila mtu. Kwa muda wa miezi minane hivi nilijivunia kutu.

Jambo moja hasa nililipuuza. Magurudumu ya mbele ya gari hufungwa kwa kuinamishwa nyuma kidogo, mfano wa uma wa mbele wa baiskeli, ndiyo maana baada ya kona usukani hujirudisha wenyewe. Dereva hulegeza viganja tu na gari linanyooka. Wangu ulikuwa umekwisha anza kuchelewa kurudi, nami nikawa nausaidia kwa mkono bila kufikiri.

Asubuhi moja ya ukungu nilikuwa nateremka Kanaba kwenda Kisoro. Nilikata kona ya kulia, nikalegeza viganja kwa mazoea ya siku zote, nikitazama kama magunia yamekaa. Usukani haukurudi. Ulibaki pale pale nilipouacha, na gari likaendelea kukata kulia, likavuka katikati ya barabara. Upande ule alikuwa akija mama mmoja na mzigo wa kuni kichwani. Nikauvuta usukani kwa mikono yote miwili na kwa mgongo. Ukagoma, kisha ukaachia kwa ghafula. Yule mama alikuwa amekwisha kujitupa mtaroni, na kuni zake zimetawanyika barabarani. Nilishuka miguu ikinitetemeka, nikamwomba radhi, nikaokota kuni moja moja. Hakuumia, namshukuru Mungu. Alinitazama, akatazama gari, akasema, "Hilo halikusikii." Akajitwika mzigo wake akaenda zake.

Nilirudi Kabale kwa mwendo wa miguu ya mbuzi, moja kwa moja kwa fundi mzee aliyelijua gari hili tangu zamani za baba. Hakuuliza mengi. Aliinua pua ya gari kwa jeki mpaka magurudumu yakaning'inia, akafungua fimbo moja baada ya nyingine, na kila alipofungua alikijaribu kwa mkono kile kilichobaki. Magurudumu yaligeuka vizuri. Kisanduku cha juu kilikuwa laini. Ule mhimili mfupi ndani ya boriti ndio uliogeuka kama bawaba ya lango la kale. Unapaswa kuogelea katika mafuta; mafuta yalikuwa yamevuja yote, na ndani mlikuwa na vumbi jekundu.

"Mafuta umetia lini, mwanangu?" akauliza. Nikanyamaza. Sikuwa nimetia hata siku moja, wala sikujua kwamba kuna tundu.

Kuutoa mhimili ule si mchezo. Ndani yake imo springi iliyokandamizwa kwa nguvu nyingi, nayo ikifyatuka inaweza kumuua mtu. Mzee aliufunga kwa gunia na kamba, akatufukuza sote karakana nzima, ndipo akaufungua. Naandika habari hii kwa makusudi, kwa kuwa najua mmoja wenu atataka kujaribu nyumbani kwa nyundo na spana. Msijaribu.

Alipomaliza, nilizungusha usukani nikashangaa. Nilikuwa nimesahau jinsi baba alivyouendesha. Mzee alisema angeweza kunitilia usukani wa pampu uliotoka katika gari lililoanguka. Bado nafikiri, maana bega langu la kulia limeanza kuuma nyakati za baridi, na vyuma vilivyopata ajali sivipendi.

Kwa sasa, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi naweka jeki, natikisa zile boljointi sita, nafungua bolti iliyo juu ya mhimili, natazama mafuta. Mdogo wangu atakuja likizo hii. Amekwisha kuniandikia barua akiomba ufunguo, na mwisho wa barua ameuliza kama tundu lile nimelitia mafuta.