Ungamo la uongo na hatari ya kumfunga asiye na hatia

Ungamo la uongo ni pale mtu anapokiri kosa ambalo hakulitenda. Wengi hawaamini kwamba mwenye akili timamu anaweza kujitia kitanzi mwenyewe. Lakini aliyenyimwa usingizi, aliyepigwa, au aliyeahidiwa kwamba akikubali ataenda nyumbani, hapimi kifungo cha miaka ijayo. Anapima usiku ulio mbele yake. Watoto na wenye ulemavu wa akili huvunjika upesi zaidi.

Ziwa Victoria lina historia yake katika jambo hili. Wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliwazuilia washukiwa wa uasi wa Mau Mau katika visiwa vya Mageta na Sayusi, mbali na kwao Kenya ya kati. Visiwa hivyo vilikuwa sehemu ya mlolongo wa kambi ambamo njia ya kuachiliwa ilipitia katika kukiri kwamba umekula kiapo cha Mau Mau. Aliyekula kiapo alikuwa na la kusema. Asiyekula ilimbidi atunge: alikula lini, kwa nani, pamoja na akina nani. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za mawakili zikiwemo, kwa madai ya Wakenya 5,228 walioteswa enzi hiyo.

Ungamo la uongo huaminika kwa sababu mara nyingi limejaa mambo yanayodhaniwa kujulikana na mhalifu peke yake. Huyapata wapi asiyekuwepo? Kwa anayemhoji. Mpelelezi akiuliza, "Ulimkata shingoni au begani?" tayari amemfunza kwamba marehemu alikatwa. Picha za mahali pa tukio hufanya kazi iyo hiyo, hata pasipo nia mbaya. Jijini New York, vijana watano wa miaka 14 hadi 16 walifungwa kwa shambulio la mwaka 1989 katika bustani ya Central Park, baadhi yao wakiwa wamekiri mbele ya kamera ingawa maelezo yao yalipingana. Hukumu zilifutwa mwaka 2002, baada ya mtu mwingine kukiri na vipimo vya DNA kumthibitisha.

Nchini Kenya, kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi hakikubali ungamo ila lililotolewa kortini mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi wa cheo kisichopungua Inspekta, akiwepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa. Afisa huyo hapaswi kuwa ndiye anayepeleleza kesi, na hapo ndipo penye busara ya kifungu hiki: anayesaka jibu haruhusiwi kuliandika. Kanuni za mwaka 2009 zilizotungwa chini ya sheria hiyo zinadai pia mshukiwa achague lugha, apewe mkalimani bila malipo asipojua Kiswahili wala Kiingereza, na asinyimwe chakula, maji wala usingizi.

Suala la lugha si dogo Kisumu, kando ya Ziwa Victoria. Mvuvi wa Dunga anaweza kueleza kwa Kidholuo kwamba alikuwepo watu walipopigana, maneno yake yakapita kwenye Kiswahili cha askari, kisha yakatua karatasini kwa Kiingereza kana kwamba yeye ndiye aliyepiga. Chini pana alama ya kidole gumba.

Mshtakiwa akilikana ungamo, korti husikiliza kwanza kesi ndani ya kesi, na ni upande wa mashtaka unaopaswa kuthibitisha kwamba alikiri kwa hiari. Likipita hapo, bado hupokewa kwa tahadhari. Katika Tuwamoi dhidi ya Uganda, mwaka 1967, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kwamba ungamo lililokanwa kwa kawaida linahitaji ushahidi mwingine wa kuliunga mkono, ingawa korti ikiridhika kabisa kwamba ni la kweli inaweza kuhukumu kwa hilo pekee. Mwanya huo ni mpana kuliko unavyostahili.

Kinga hizi hazimfikii anayekubali kosa mara tu anaposomewa mashtaka, kwa maana hapo hakuna ushahidi unaopimwa. Kwake ipo kanuni ya kesi ya Adan, ya mwaka 1973: asomewe shtaka kwa lugha anayoielewa, maneno yake yaandikwe, aelezwe yaliyotokea, na akipinga jambo lolote la msingi, hakimu aandike kwamba amekana shtaka na kesi isikilizwe.