Ngurumo za Ziwa Victoria na Watabiri Wake

Mkulima wa Kericho husikia ngurumo alasiri, na mara nyingi mvua ya mawe huharibu majani ya chai yake. Mvuvi wa Ziwa Victoria huzisikia usiku wa manane. Mbona saa zao hazilingani, nao ni majirani?

Sababu ni joto. Mchana nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji. Basi upepo hutoka ziwani, ukapanda milima ya Nandi na Kericho, na mawingu yakatanda huko. Usiku mambo hugeuka. Nchi hupoa, maji hubaki na joto lake, na pepo za pande zote huelekea ziwani. Zikutanapo hazina pa kwenda ila juu, pamoja na mvuke wa maji, ndipo radi huanza, hata karibu na alfajiri.

Tena omena huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Yaani mashua zimo majini saa ile ile ya hatari.

Jicho la mzee mzoefu silidharau, lakini ziwa lina kilomita za mraba 68,000 na zaidi. Mpango uitwao HIGHWAY, ulioanza mwaka 2017, uliziunganisha idara za hali ya hewa za nchi zilizo kandokando yake. Watabiri hutazama picha za setilaiti, na rada iko Mwanza. Waweza kutaja sehemu ya ziwa na saa za hatari. Mashua ipi itapigwa, hawawezi kusema. Wingu hukua upesi mno. Kwa hiyo mvuvi asitegemee habari za asubuhi kwa safari ya usiku, bali asikilize zile za jioni.