Kukataa kuapa si kukiri kosa

Mambo haya hutokea vikundini. Pesa za kikundi zimepotea, halafu mtu anasimama na kusema: "Tuape sisi sote. Atakayekataa ndiye mwizi!" Je, hiyo ni haki? Swali kama hili lilifika kortini zamani, huko Marekani.

Kiapo cha Missouri

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani viliisha 1865. Mwaka huohuo jimbo la Missouri likaweka katiba mpya. Wahubiri, walimu, mawakili na wengine walitakiwa kuapa kwamba hawakuwahi kuwasaidia waasi, wala hata kuonyesha kuwaunga mkono. Asiyeapa, asihubiri wala asifundishe. Padre John Cummings, Mkatoliki, alihubiri bila kuapa. Alitozwa faini ya dola 500, na kifungo mpaka alipe.

Mwaka 1867 Mahakama ya Juu ilimpa ushindi, majaji 5 dhidi ya 4. Jaji Stephen Field alitaja sababu mbili kubwa. Kwanza, sheria yenyewe ilitoa adhabu bila korti kumsikiliza mtu. Pili, iliadhibu mambo ya nyuma, na mengine hayakuwa kosa yalipotendwa. Yaani kila mtu alihesabiwa mkosaji mpaka aape.

Hapa kwetu

Novemba 1989 serikali iliamuru Wakenya Wasomali wa miaka 18 na zaidi wachunguzwe. Hapakuwa na kiapo, lakini mzigo ulifanana. Mtu ana kipande mfukoni, bado anaambiwa athibitishe mbele ya kamati kuwa ni Mkenya. Waliokubaliwa walipewa kadi ya rangi ya pinki. Hawakuulizwa kwa sababu ya kosa, bali kwa sababu ya kabila.

Leo Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi huo. Kifungu cha 50 kinasema mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe.

Kwa kikundi chenu

Kiapo chenyewe si kibaya. Mweka hazina akiahidi mbele ya wanachama kutunza pesa, ni vizuri. Lakini pesa zikipotea, fungueni daftari kwanza. Angalieni risiti. Nani alishika ufunguo? Anayemshuku mwenzake alete ushahidi. Mtu anaweza kukataa kuapa kwa sababu ya dini yake, au kwa kuogopa laana, na hajaiba hata senti.

Maswali ya kujadiliana

1. Katiba ya kikundi chetu inasema nini pesa zikipotea?
2. Nani humsikiliza anayeshukiwa kabla hajafukuzwa?