Ramani mbili juu ya kiwanja kimoja: Kwa nini miji ya dhahabu hupata tabu kujipanga

Na Mwandishi Wetu, Geita

MNUNUZI wa kiwanja mjini Geita huuliza maswali yale yale anayouliza mnunuzi wa Iringa au Tanga: eneo limepimwa? Muuzaji ndiye mwenye mali? Barabara itapita upande gani? Lakini Geita lipo swali jingine, ambalo wengi hulisahau hadi siku wanapoamriwa kusimamisha ujenzi. Chini ya kiwanja hiki kuna leseni ya nani?

Swali hilo linazidi kuwa na uzito kadiri miji ya ukanda wa dhahabu inavyopandishwa hadhi na kulazimika kuandaa, au kuhuisha, mipango yake ya matumizi ya ardhi. Geita, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa makao makuu ya wilaya ndani ya Mkoa wa Mwanza, mwaka huo ikawa makao makuu ya mkoa mpya ulioundwa pia kwa maeneo yaliyomegwa kutoka Shinyanga na Kagera. Kahama ilipandishwa kuwa manispaa mwaka 2021.

Takwimu za sensa zinaeleza sababu. Mji wa Geita ulikuwa na watu wanaokaribia 193,000 mwaka 2012. Miaka kumi baadaye walikuwa zaidi ya 360,000. Kahama ilivuka watu 450,000 katika Sensa ya 2022, zaidi ya mara mbili ya Manispaa ya Shinyanga ambayo ndiyo makao makuu ya mkoa na iliyohesabiwa watu wapatao 215,000. Umati huo haukusubiri maofisa mipango miji wachore mitaa. Ulifuata maduara ya dhahabu, ukafuata soko, ukajenga.

Kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007, iliyochukua nafasi ya sheria ya enzi za ukoloni ya mwaka 1956, halmashauri ya jiji, manispaa au mji ndiyo mamlaka ya upangaji katika eneo lake. Halmashauri huandaa mpango wa jumla, unaojulikana zaidi kwa jina la mpango kabambe, ambao kwa kawaida hutazama miaka 20 mbele na kuonyesha kwa rangi wapi pawe makazi, biashara, viwanda, shule, makaburi na maeneo ya wazi. Chini ya mpango huo huja michoro ya kina, inayoligawa eneo kuwa vitalu na viwanja.

Kiwanja kikishapangiwa matumizi, mwenyewe hana uhuru wa kuigeuza nyumba ya kuishi kuwa baa, gereji au kinu cha kusaga mawe. Hana budi kuomba kibali cha kubadili matumizi, na majirani wana haki ya kupinga. Mwaka 2018 serikali ilitoa kanuni mpya za viwango vya mipango miji na za makundi ya matumizi ya ardhi, nazo ndizo zinazoongoza michoro ya sasa.

Hadi hapo, Geita haina tofauti na mji mwingine wowote. Tofauti huanza unapofunguliwa mlango wa wizara ya pili.

Ardhi ya Tanzania ni mali ya umma na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mwananchi hupewa haki ya kuitumia, ama kwa hati ama kwa mila. Madini yaliyomo ndani yake ni jambo jingine kabisa. Hayo husimamiwa na Sheria ya Madini Na. 14 ya mwaka 2010, na haki ya kuyachimba hutolewa kwa leseni na Tume ya Madini. Kwa hiyo inawezekana kabisa, tena kisheria, mtu mmoja akawa na haki ya kukaa juu ya ardhi na mwingine akawa na haki ya kuchimba kilichomo chini yake.

Sheria imejaribu kuwapatanisha wawili hao. Mwenye leseni haruhusiwi kufanya shughuli zake ndani ya mita 200 kutoka kwenye nyumba inayokaliwa bila idhini ya maandishi ya mkaaji halali, wala ndani ya mita 50 kutoka kwenye shamba lililoandaliwa au lenye mazao. Hiyo ni kinga ya mwananchi, na viongozi wa mitaa huitaja mara kwa mara.

Kifungu kinachofuata hutajwa kwa nadra. Sheria hiyo hiyo inasema mkaaji halali wa ardhi iliyo ndani ya eneo la uchimbaji anaweza kuendelea kulima na kuchunga, mradi asiingilie shughuli za mgodi, lakini hawezi kujenga bila ridhaa ya mwenye leseni au, akinyimwa ridhaa hiyo, ya Waziri. Maana yake ni nzito. Mchoro wa halmashauri waweza kupaka eneo rangi ya makazi, diwani akashangilia, mwenyekiti wa mtaa akapiga mhuri kwenye mkataba wa mauziano, na bado msingi wa nyumba ukahitaji neno la mgodi.

Ndivyo ilivyo Geita. Leseni maalumu ya uchimbaji ya mgodi wa GGM ilitolewa mwaka 1999 ikiwa na eneo la takriban kilomita za mraba 196, na mgodi ukazinduliwa mwaka 2000. Wakati huo Geita ilikuwa mji mdogo wa wilaya. Mji ulipokua, ulikua kuelekea ndani ya mipaka ya leseni, mipaka ambayo wakazi huiita “bikoni”. Mitaa na vijiji vilivyo pembezoni mwa mgodi, kama Nyamalembo, Katoma, Nyakabale na Mgusu, vimekuwa vikitajwa katika mijadala ya fidia, nyufa za nyumba na milipuko kwa miaka mingi. Wengine walikuwapo kabla ya bikoni. Wengine walinunua baadaye kwa bei ya chini iliyopaswa kuwashtua.

Kisa kinachokumbukwa zaidi ni cha Mtakuja. Mwaka 2007 familia zilizokuwa zikiishi hapo ziliondolewa baada ya mvutano mrefu kuhusu nani mwenye haki ya kuwapo katika eneo la mgodi, zikaishia katika makazi ya muda mjini Geita, ambako zilikaa miaka kadhaa huku vyombo vya habari vya ndani na nje vikizitembelea. Kabla ya hapo, mwaka 1996, wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, Kahama, katika tukio ambalo mpaka leo lina simulizi zaidi ya moja. Yote mawili yalishughulikiwa kama migogoro ya madini. Kwa jicho la mpango miji, yalikuwa pia matokeo ya ramani mbili ambazo hazikuwahi kuwekwa juu ya meza moja.

Mgodi mkubwa, hata hivyo, una uzio na anuani. Kinachowasumbua zaidi wapangaji wa miji hii ni shughuli ndogo zisizo na uzio: karasha za kuponda mawe, mialo ya kuoshea mchanga, na mitambo ya kuchenjulia marudio kwa sianidi. Katika maeneo kama Katoro, Nyarugusu na Rwamagasa, shughuli hizo zilitangulia, kisha nyumba, maduka na shule zikazifuata. Zebaki inayochomwa uani kwa jirani haijui mpaka wa kiwanja. Maji ya mwalo hufuata mteremko, na mteremko huishia kwenye kisima au kijito, ingawa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa.

Jibu la kitaalamu ni kutenga eneo maalumu la uchenjuaji mbali na makazi. Jibu hilo ni sahihi, lakini si rahisi kama linavyoonekana kwenye karatasi. Mwalo ukihamishwa kilomita kumi, anahama pia mama lishe, fundi wa pampu, mwenye bodaboda na mpangishaji wa vyumba. Mpango unaohamisha karasha bila kupeleka umeme, maji na barabara huko ziendako huishia kuwa picha ya ukutani, na karasha hurudi usiku.

Umuhimu wa ukanda wa kinga kati ya mgodi na makazi ulionekana upande wa pili wa Mkoa wa Shinyanga. Mwadui, mji uliojengwa na mgodi wenyewe tangu John Williamson alipogundua almasi mwaka 1940, ulipangwa vizuri ndani ya uzio wake: nyumba, hospitali, shule, hata uwanja wa ndege. Novemba 7, 2022, kingo za bwawa la kuhifadhia tope la mgodi huo zilibomoka na tope likatiririka hadi kwenye mashamba na makazi ya vijiji jirani. Waliofikiwa na tope ni wale walioishi nje ya mpangilio huo.

Kahama inatoa mfano wa kinyume, wa mgodi kuurudishia mji ardhi. Mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021. Uliacha nyuma shimo kubwa, lakini pia njia ya umeme, barabara, majengo na uwanja wa ndege, kilomita chache kutoka katikati ya mji. Serikali na kampuni ya Barrick walikubaliana kuligeuza eneo hilo kuwa la viwanda, na mwaka 2024 likatangazwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi. Kwa lugha ya mipango miji, ni ekari zaidi ya 3,000 zilizobadilishwa matumizi kwa mkupuo mmoja. Mji wowote ungetamani bahati hiyo, lakini ilipatikana kwa sababu mazungumzo yalianza kabla ya mgodi kufunga virago. Kila mgodi hutakiwa kuwa na mpango wa ufungaji. Nadra sana mpango huo kusomwa sambamba na mpango kabambe wa halmashauri inayoupakana.

Linabaki suala la fidia, ambako ndiko fedha na machozi vilipo. Mipaka ya mji inapopanuka na kumeza vijiji, mkulima wa jana hujikuta ndani ya mtaa. Haki yake ya kimila haifutiki kwa kuchorewa barabara juu yake: Mahakama ya Rufani, katika shauri la Lohay Akonaay la mwaka 1994, ilitamka kwamba haki hiyo ni mali inayolindwa na Katiba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Kanuni zake za mwaka 2001 zinajumuisha thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi, pamoja na hasara ya faida kwa mwenye biashara.

Neno “haraka” ndilo lililokuwa gumu kutekelezwa. Nyumba zilithaminiwa, alama ya X ikapakwa, mwenye nyumba akakatazwa kuongeza hata chumba, na miaka ikapita. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 iliweka ukomo: fidia isipolipwa ndani ya miezi sita baada ya uthamini kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, inaanza kudai riba, na uthamini wenyewe hukoma kutumika baada ya miaka miwili. Aliyesubiri kupita muda huo anastahili kuthaminiwa upya kwa bei za sasa. Ni haki inayofaa kujulikana na kila mwenye X ukutani, maana si kila mtendaji atamkumbusha.

Kwa anayetaka kununua leo, barua ya serikali ya mtaa haitoshi. Ofisi ya ardhi ya halmashauri huonyesha kama kiwanja kimo kwenye mchoro ulioidhinishwa na kwa matumizi gani. Ofisi ya Afisa Madini Mkazi, ambayo ipo Geita, Kahama na Shinyanga, huonyesha kama viwianishi vya kiwanja hicho viko ndani ya leseni ya mtu. Tume ya Madini pia ina ramani ya leseni kwenye tovuti yake, inayoweza kufunguliwa na yeyote. Safari hizo mbili zaweza kufanywa kwa asubuhi moja.

Kwa ambaye tayari anaishi hapo, wakati wa kusema ni pale halmashauri inapotangaza nia ya kuandaa mpango, kuitisha mkutano wa wenye ardhi na kuiweka rasimu hadharani ili wananchi watoe maoni na pingamizi, kabla haijapelekwa kwa Waziri. Pingamizi linafaa liwe la maandishi, litaje namba ya kitalu au jina la mtaa, na nakala yake igongwe mhuri wa mapokezi. Kama eneo limo ndani ya bikoni, nakala nyingine ipelekwe kwa Afisa Madini Mkazi, kwa kuwa rasimu inayobandikwa kwenye ubao wa halmashauri si lazima iwe na mistari ya leseni.